Mwongozo kamili: Sindano ya chuma kwa miguu isiyotulia usiku, kutoka labu mpaka dripu

Swali ni lile lile kila wakati: "nilidungwa sindano ya miguu, pesa ikaisha, na bado usiku silali." Ukimuuliza mtu ilikuwa sindano gani, unaambiwa ni Neurobion (vitamini B), ama diclofenac ya maumivu ya matakoni, ama hata jina hajui, aliambiwa tu ni ya mishipa. Iwe ni Kondele, Mumias ama Nakuru, mambo ni yale yale, mtu anaanza na sindano alafu vipimo vinafuata baadaye ama havifuati kabisa.

Sindano yenye ushahidi mkubwa kwa ugonjwa huu wa miguu kutotulia (madaktari wanauita RLS) ni madini ya chuma, yanapitishwa kwa mshipa kama dripu. American Academy of Sleep Medicine, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2025 waliipa dripu ya feriki kaboksimaltosi (aina moja ya chuma) pendekezo la nguvu kabisa kwa watu wazima, lakini kwa wale tu ambao damu yao imepimwa ikaonekana chuma kiko chini. Hicho kipimo ndicho watu wanaruka, na ndiyo maana wanafeli.

Hii dripu inawekwa hospitali peke yake. Usikubali mtu aje kukuwekea nyumbani, hata kama ni jirani yako na amesomea unesi, sababu utaziona kwenye hatua ya 7.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari ndogo ama simu ya kuandika miguu imesumbua vipi kila usiku, kwa alama 0 mpaka 10, angalau wiki moja
- Orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za homa, za mzio na za usingizi ulizonunua tu dukani
- Majibu ya labu: hemogramu kamili, feritini, TSAT na CRP (nimeeleza kila kimoja kwenye hatua ya 3)
- Uzito wako wa sasa kwa kilo, upimwe kwa mizani
- Barua ya daktari yenye jina la dawa na dozi
- Mtu wa kukusindikiza siku ya dripu

Daftari usiidharau. Daktari wa kliniki yenye foleni ana dakika chache na wewe, na ukimwonyesha kurasa mbili za usiku mbaya anaelewa haraka kuliko ukieleza kwa mdomo.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni RLS kweli

Dalili ni tano na zinaenda pamoja. Unasikia hamu kali ya kusogeza miguu, mara nyingi na kitu kinachotambaa ama kuvuta ndani ya miundi. Inaanza ama inazidi ukikaa ama ukilala. Ukitembea ama kunyoosha inapungua, angalau wakati unatembea. Jioni na usiku ni mbaya kuliko mchana. Na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hayo yote vizuri zaidi.

Angalia vitu vinavyofanana nayo. Msuli unaokaza ghafla ukawa mgumu kama jiwe huo ni mkakamao. Nyayo zinazochoma ama kufa ganzi mchana na usiku, na kutembea hakusaidii, hapo fikiria neva zilizoumia kwa kisukari, kwa HIV, ama kwa dawa ya TB inayoitwa isoniazid ambayo inafaa kumezwa pamoja na vitamini B6. Hawa wa neva wanaweza kusaidiwa na vitamini B ikiwa kweli ndiyo imepungua, na nafikiri hapo ndipo Neurobion ilipata sifa yake, lakini RLS haimo humo.

Umefaulu hapa kama: unaweza kumwambia daktari kwa sentensi moja, "Daktari, miguu inanisumbua jioni nikitulia, nikitembea inapoa, imeninyima usingizi tangu mwezi fulani."

## Hatua ya 2: Toa dawa zinazochochea

Kuna watu wanaponea hapa bila hata kufika kwa dripu. Dawa kadhaa za kawaida sana zinaamsha RLS ama kuizidisha: Piriton na Phenergan ambazo tunameza kwa mafua na kuwashwa, Plasil ya kuzuia kutapika, amitriptyline, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili na za huzuni.

Amitriptyline ndiyo inaniuma zaidi, juu mara nyingi mtu anapewa hiyo hiyo jioni kwa ajili ya miguu, daktari akidhani ni neva, na miguu inazidi kuchachamaa, anaongezewa dozi. Usiiache mwenyewe ghafla lakini. Peleka orodha yako kwa daktari umuulize wazi kama kuna mojawapo inayoweza kubadilishwa. Dawa za akili hasa usiziguse bila yeye.

Punguza pia pombe, na kahawa ya jioni.

## Hatua ya 3: Pima damu kwa njia inayofaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata wanaopima wengi wanapima vibaya.

Unataka vipimo vinne. Feritini inaonyesha akiba ya chuma mwilini. TSAT inaonyesha chuma kinachosafiri kwenye damu kwa asilimia. Hemogramu kamili inaonyesha kama una upungufu wa damu. CRP inaonyesha kama mwili unapigana na kitu saa hiyo.

Usiridhike ukiambiwa "damu yako iko sawa, hemoglobini ni 13." Hemoglobini inaweza kuwa nzuri kabisa na akiba iwe imekauka, kwa sababu mwili unatoa chuma kutoka kwa ghala kwanza ili damu isishuke. Na kwenye RLS shida yenyewe iko kwa ubongo, ambao unakosa chuma cha kutosha hata wakati damu inaonekana haina neno.

Utaratibu ni huu:

1. Nenda asubuhi, kwa sababu chuma cha kwenye damu kinapanda na kushuka kulingana na saa.
2. Masaa 24 kabla ya kipimo usimeze kidonge chochote chenye chuma, hata multivitamini, na uache vyakula vyenye chuma kingi, maini na nyama hasa.
3. Kama umeugua malaria, taifodi, nimonia ama homa yoyote, ngoja kwanza upone kabisa, wiki chache zipite.

Namba 3 ndiyo ya kwetu huku kando ya ziwa. Feritini inapanda mwili ukiwa na maambukizi ama uvimbe, hata kama chuma chenyewe hakipo. Mtu aliyetoka kumaliza dozi ya AL ya malaria juzi anapimwa, feritini inasoma 180, anaambiwa chuma kimejaa aende nyumbani, na kumbe ghala ni tupu. Ndiyo maana tunaomba CRP na TSAT pamoja. CRP ikiwa juu usiamini feritini. TSAT ikiwa chini ya 20 hata feritini ikionekana nzuri, muulize daktari aangalie tena.

Sio kila labu inafanya feritini. Hospitali za rufaa kama Jaramogi pale Kisumu, ile ya kaunti Nakuru ama Moi kule Eldoret ndipo pa kuanzia kuuliza, na labu kubwa za kibinafsi zinachukua damu mjini na kuituma. Piga simu kwanza uulize siku na bei ndio usifunge safari ya bure kutoka Siaya ama Bungoma.

Umefaulu kama: una karatasi yenye namba zote nne, za asubuhi, na hukuwa mgonjwa siku hiyo.

## Hatua ya 4: Soma majibu pamoja na daktari

Kwa mtu mzima mwenye RLS namba zinaenda hivi:

- Feritini 75 kushuka, ama TSAT chini ya 20: unastahili chuma, kidonge ama dripu.
- Feritini kati ya 75 na 100: dripu pekee, kwa sababu kwa kiwango hicho utumbo haufyonzi chuma cha vidonge cha kutosha.
- Juu ya 100: wataalamu wengine huendelea mpaka 300 mradi TSAT iko chini ya 45, lakini huo ni uamuzi wa daktari anayeijua RLS.
- Feritini juu ya 300 ama TSAT juu ya 45: usiwekewe chuma. Kikizidi kinaharibu ini na moyo, na mwili hauna njia ya kukitoa.

Utashangaa kwamba karatasi ya labu inaweza kuandika feritini ya 30 kuwa "kawaida". Ni kawaida kwa mtu asiye na RLS. Kwako iko chini, na ni sawa kabisa kumkumbusha daktari kwa heshima.

Kama uko kwenye kundi la kwanza na shida sio kali, vidonge vijaribiwe kwanza. Ferrous sulphate ya miligramu 200 ina kama miligramu 65 za chuma chenyewe, kimoja kwa siku ama siku moja ndiyo moja hapana, na kitu chenye vitamini C kama chungwa. Weka masaa mawili kati yake na chai. Hii ya chai inashinda wengi, kidonge kinamezwa saa ile ile ya chai ya maziwa na mkate, na chai inazuia chuma kisiingie. Wape vidonge miezi mitatu kabla ya kusema vimekataa, isipokuwa tumbo limekukatalia kabisa.

Dripu inaingia mbele vidonge vikishindwa, tumbo likikataa, ukiwa na ugonjwa wa utumbo, ama miguu ikiwa mbaya kiasi kwamba miezi mitatu ni mingi.

Onyo kwa watu watatu. Mwenye sickle cell, ambayo huku kwetu ni nyingi, asiwekewe chuma kwa kukisia, kwa sababu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kimezidi tayari. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hapewi dripu hii, na wa miezi ya mwisho, ambapo RLS hutokea sana, afuatwe na kliniki yake kwa sababu mara nyingi inaisha baada ya kujifungua. Na mtu wa dayalisisi ana hesabu yake tofauti, hapo inatumika aina nyingine ya chuma na viwango vingine, aongee na kitengo chake cha figo. Watoto pia wana viwango vyao.

## Hatua ya 5: Tafuta chuma kinapotelea

Ukijaza mtungi wenye tundu utajaza tena mwakani. Kwa akina mama uliza kuhusu hedhi nzito na mimba za karibu karibu. Kwa yeyote, minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, dawa za maumivu za kila siku, na kutoa damu mara kwa mara. Mwanaume mwenye chuma cha chini, ama mama aliyeshakoma hedhi, lazima tumbo na utumbo vichunguzwe kama vinavuja damu, hiyo usiahirishe.

Omena, maini na mboga zetu za kienyeji endelea nazo, zinasaidia kulinda akiba. Ila akiba iliyokwisha ya mtu mwenye RLS haitarudi haraka kwa chakula pekee.

## Hatua ya 6: Chagua dawa na mahali

Chuma cha dripu kiko cha aina nyingi na hazilingani.

Feriki kaboksimaltosi, inayouzwa kama Ferinject, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa RLS. Miligramu 1000 zinaweza kuingia mara moja. Aina ya dekstrani ya molekuli ndogo, kama CosmoFer, nayo imependekezwa, ila dripu yake inachukua masaa na huanzwa na dozi ndogo ya majaribio. Venofer inapatikana kwa urahisi lakini inaingia kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 200 kila mara, na kwa RLS ya kawaida matokeo yake hayajaridhisha, nafasi yake iko kwa wale wa dayalisisi.

Sindano ya chuma ya matakoni ikatae. Inauma, inaacha doa jeusi kwenye ngozi, na hakuna sababu ya kuivumilia siku hizi. Ile ya Botox watu wameanza kuulizia nayo ina tafiti ndogo zenye majibu yanayopingana, usiuze mbuzi kwa sababu yake.

Mara nyingi utaambiwa ununue dawa mwenyewe nje. Nunua kwa famasi iliyosajiliwa, uliza risiti, soma tarehe ya mwisho, na usichukue chupa iliyofunguliwa. Ferinject haitaki friji, lakini inatakiwa ikae chini ya nyuzi 30 na isigande, na mchana wa Kisumu unapita hapo kwa urahisi, kwa hivyo usiiache kwenye gari lililofungwa ama dashibodi ya matatu. Bora ununue asubuhi ya siku ile ile.

Kuhusu SHA (bima ya afya ya serikali) uliza hospitali yenyewe kabla ya siku, na upate jibu la maandishi kama unaweza.

## Hatua ya 7: Siku ya dripu

Kula na unywe maji kama kawaida. Vaa nguo ya mikono mifupi. Kama una homa, kikohozi ama umeanza kuumwa, ahirisha, chuma hakiwekwi wakati kuna maambukizi kwa sababu vijidudu pia vinakitumia.

Kabla hajakudunga, mwulize sista mambo manne, kwa upole:

1. "Adrenalini iko hapa chumbani?" Mzio mkali ni nadra lakini ukitokea unatokea kwa dakika, na hii ndiyo sababu nyumbani ni hapana.
2. "Dozi imehesabiwa kwa uzito wangu?" Kwa Ferinject mtu wa chini ya kilo 50 hapewi miligramu 1000 kwa mkupuo.
3. "Inachanganywa na nini?" Ferinject inachanganywa na normal saline (maji ya chumvi) tu, na miligramu 1000 haifai kuzidi mililita 250 za maji hayo, ikitiwa kwenye chupa ya 500 inakuwa nyepesi kupita kiasi na dawa haitulii. Inaingia kwa dakika 15 ama zaidi.
4. "Naomba nisidungwe Phenergan wala Piriton ya kuzuia mzio." Hii ni tabia ya wodi nyingi, wanaitanguliza kwa nia nzuri. Kwa mtu wa RLS inaweza kumharibia usiku huo wote, na yenyewe inaweza kushusha presha na kuleta usingizi mpaka ionekane ni chuma kimeleta shida.

Kanula (kijimrija kinachoachwa kwenye mshipa) ni bora ikae kwenye mkono wa mbele, mshipa mzuri ulionyooka, sio kwenye kikunjo cha kiwiko. Ipimwe na maji ya chumvi kwanza. Dawa hii ni ya kahawia iliyokolea, rangi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na ikivuja nje ya mshipa inaacha doa la kahawia linaloweza kukaa miezi, kwa wengine zaidi. Kwa hivyo usilale, angalia mkono wako. Ukisikia inachoma, ama ukiona uvimbe karibu na sindano, sema hapo hapo wasimamishe, usiogope kuonekana msumbufu.

Dakika za kwanza unaweza kuhisi uso umepata joto, kifua kinabana kidogo, mgongo unauma. Mwambie sista, dripu inasimamishwa, na mara nyingi inapita yenyewe kwa dakika chache kisha wanaanza tena pole pole. Lakini ukianza kuvimba midomo, kukoroma ukipumua, upele mwili mzima ama kizunguzungu cha kuanguka, hiyo ni dharura na dripu hairudi tena.

Ikiisha, kaa dakika 30 chini ya uangalizi. Hata kama boda anakungoja nje, kaa.

Umefaulu kama: mkono hauna doa, dakika 30 zimepita, na umepiga picha ya lebo ya dawa na dozi kwa kumbukumbu yako.

## Hatua ya 8: Wiki zinazofuata

Siku moja ama mbili unaweza kuumwa na viungo, kichwa na homa kidogo. Paracetamol inatosha. Homa ya zaidi ya hapo usisingizie dripu, nenda upime malaria.

Usianze vidonge vya chuma kabla ya siku 5 kupita, na mara nyingi havitahitajika kabisa.

Ferinject inaweza kushusha fosfeti kwenye damu, hasa ikirudiwa. Ukisikia uchovu usioeleweka, misuli dhaifu ama mifupa inauma wiki kadhaa baadaye, mwombe daktari apime fosfeti.

Alafu sasa subira. Usiku wa kwanza usitegemee kitu. Chuma kinachukua muda kufika na kufanya kazi kwenye ubongo, wengi wanaanza kuona tofauti wiki ya 4 mpaka ya 6, na hesabu ya kweli inafanywa wiki ya 12. Endelea na lile daftari la alama 0 mpaka 10. Nafuu yake inakuja taratibu na mtu anasahau alikotoka, kuna mama aliniambia haijamsaidia, tukafungua daftari lake tukakuta alama za 8 na 9 zimekuwa 3 na amelala usiku kucha wiki mbili mfululizo.

Rudia feritini na TSAT baada ya wiki 8 mpaka 12. Ukipima wiki ya pili namba itakuwa juu sana na itakudanganya.

## Hatua ya 9: Ikirudi, ama ikikataa

Nafuu inaweza kukaa miezi mingi. Dalili zikirudi, pima tena kabla ya kuwekewa nyingine, na isiwe chini ya wiki 12 tangu ile ya kwanza. Ikirudi haraka haraka, rudi hatua ya 5, kuna mahali damu inapotea.

Na si kila mtu anapona kwa chuma, hata akiwa alikuwa amepungukiwa kweli. Wiki 12 zikiisha bila tofauti, usikimbilie dripu ya pili. Mwulize daktari kuhusu gabapentin ama pregabalin, ambazo ni vidonge na ziko kwenye mapendekezo ya kwanza. Akikuandikia pramipexole, mwulize mpango wake wa muda mrefu, kwa sababu dawa za kundi hilo zinasaidia vizuri mwanzoni kisha kwa wengi baada ya miaka zinageuka, dalili zinaanza mapema mchana na kupanda mpaka mikononi, na dozi ikiongezwa inazidi kuharibika. Ukiona hivyo usiiache ghafla, rudi kwake na daftari, mwambie ilianza saa ngapi kabla na sasa inaanza saa ngapi.